Nikifua Jumamosi, Jumatatu sinyanyuki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi hapa Tanga. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Barua hii nimeiandika kwa siku nne, kidogo kidogo kwenye simu, nikiwa nimelala ubavu. Ikirukaruka unisamehe.

Mei 2023 niliugua. Homa, kikohozi, viungo vyote vinauma, wiki nzima sikutoka kitandani. Walinipima malaria, hamna. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, mimi mwenyewe ndiye sikurudi. Zamani nilikuwa naamka saa 11 alfajiri, nabandika chai, nawaandaa watoto, saa 1 kasoro niko mstarini na wanafunzi, jioni nina tuisheni. Siku hizi nikioga nimesimama lazima nijilaze kabla sijavaa.

Nikupe mfano mmoja. Jumamosi moja nilijisikia vizuri, nikasema leo namaliza nguo zote. Nikafua mabeseni matatu, nikasuuza, nikaanika mwenyewe. Jumapili nilikuwa sawa kabisa, hata nikaenda kumpa hongera jirani aliyejifungua. Jumatatu alfajiri nikashindwa kuinua kichwa kwenye mto. Koo linauma kama mafua yanaanza, tezi za shingo zinauma, mwanga wa dirishani unanichoma macho. Mwanangu ananiuliza daftari lake liko wapi, maneno nayasikia, hayaingii. Ilinichukua siku sita. Na darasani nimewahi kusimama ubaoni, mbele ya darasa la tatu, nikashindwa kusema saba mara nane ni ngapi. Watoto walicheka. Mimi nilitaka kulia.

Nimetibiwa malaria mara tatu, UTI mara nne, taifodi mara mbili, nimetundikiwa dripu sijui ngapi. Hospitali moja daktari aliangalia majibu akaniambia, "Vipimo vyako ni vizuri kuliko vyangu. Punguza mawazo, fanya mazoezi." Nikatii. Kila alfajiri natembea haraka na rafiki yangu barabara ya kwenda Raskazone. Siku ya tano nilikaa chini kando ya barabara, mume wangu akaja kunichukua na bajaji. Nililala wiki tatu. Daktari mwingine alinipa dawa za sonona, nikapata usingizi kidogo, mengine yakabaki pale pale. Shangazi, mimi sijakosa hamu. Natamani kufundisha, natamani kupika, natamani kwenda harusini. Mwili ndio unakataa.

Mama mkwe anasema mke wa mwanawe anaumwa siku za kufua tu. Kuna aliyesema nimetupiwa jini. Mume wangu hanitukani, ila siku hizi amekuwa mkimya. Ramadhani iliyopita nilifunga siku tisa, ya kumi nikaanguka chooni.

Sasa binamu yangu aliyeko Uingereza nilipomweleza kwa video aliniambia huu ni ugonjwa wa uchovu sugu, kwao unaandikwa ME/CFS, na kuna kliniki zake maalumu. Huku nimepata wakala wa kupeleka wagonjwa India. Anataka milioni 14 na anasema nitarudi nimepona. Nina kiwanja Pongwe alichoniachia marehemu baba. Mume anasema tukiuze. Na shuleni nimeambiwa nijitafakari kama kazi bado naiweza.

Je, ugonjwa huu upo kweli au ni mimi? Bingwa wake nampata wapi? Na kiwanja, nikiuze?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ile Jumatatu ya kushindwa kuinua kichwa nimekaa nayo siku nzima.

Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Kiwanja cha baba yako usikiuze. Hakuna hospitali, si India, si Uingereza, si Marekani, yenye dawa ya kuuponya ugonjwa aliokutajia binamu yako. Hakuna hata kipimo kimoja cha damu kinachoutambua. Anayekuahidi kupona kwa milioni 14 anakuuzia kitu ambacho hana. Binamu yako hakukosea, kliniki hizo zipo. Ila ukiingia ndani humkuti mtu mwenye sindano ya siri. Unamkuta daktari, muuguzi na mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemsaidia mgonjwa kumudu shughuli zake za kila siku. Wanakusikiliza, wanahakikisha hukubambikiwa ugonjwa usio wako, wanatuliza maumivu na usingizi, wanakufundisha kuishi ndani ya nguvu ulizobaki nazo. Kazi hiyo inaweza kufanyika hapa hapa, ingawa itabidi tuiunganishe vipande vipande.

Ugonjwa upo. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha pamoja na magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu 1969. Kwa barua mimi siwezi kukuambia kwamba ndio ulionao, na yeyote atakayekuambia hivyo bila kukupima usimwamini. Lakini sikiliza vigezo ambavyo kamati ya wataalamu wa Marekani iliviweka mwaka 2015, uvipime mwenyewe. Uwezo wa kufanya shughuli zako za zamani umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6, na kupumzika hakuurudishi. Unalala na kuamka kama hukulala. Ukijitahidi, kwa mwili au kwa akili, unazidiwa baadaye. Juu ya hayo matatu kuwe na moja kati ya haya: akili kuwa nzito, kama ile saba mara nane, au hali kuwa mbaya ukisimama na kupata nafuu ukilala.

Kiini ni pale pa kuzidiwa baadaye. Madaktari hupaandika kwa herufi PEM. Mara nyingi huja saa 12 mpaka 48 baada ya jambo lenyewe, na huweza kukaa siku au wiki. Ndiyo maana Jumapili ulimpongeza jirani ukiwa unatabasamu. Deni lilikuwa bado njiani. Na ndiyo maana mama mkwe wako anachanganyikiwa: anakuona mzima leo, kesho yake mzima, keshokutwa umelala, na yeye hajaona kilichokulaza. Sitaki umchukie kwa hilo. Hata madaktari wameshindwa kuliona kwa miaka mingi. Mwaka 1955 katika hospitali ya Royal Free, London, wafanyakazi zaidi ya 200 waliugua kwa mkupuo mmoja, wengi wao wanawake, na ndipo likaja jina ME. Miaka 15 baadaye madaktari wawili wa magonjwa ya akili walipitia mafaili, wagonjwa wenyewe hawakuwapima, wakaandika kwamba ilikuwa taharuki ya wanawake tu. Neno hilo limewaumiza wagonjwa mpaka leo. Wewe umelisikia Tanga, mwenzako amelisikia London.

Kuhusu mazoezi, hukuwa mvivu na hukuyafanya vibaya. Kwa miaka mingi wagonjwa hawa waliambiwa waongeze mwendo kidogo kidogo kila wiki hata kama mwili unalalamika. Oktoba 2021, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, NICE, iliandika wazi kwamba mpango wa namna hiyo usitolewe tena kwa wagonjwa wa ME/CFS. Kwa hiyo barabara ya Raskazone uiache kwanza.

Na sonona? Inaweza kukaa pamoja na ugonjwa huu, nani asingehuzunika. Ila mtu wa sonona mara nyingi akitembea kidogo hupata ahueni, wewe ukitembea unalipishwa, na hamu unayo tele. Mwambie daktari tofauti hiyo. Kama dawa bado unazitumia, usizikatishe ghafla bila yeye kujua.

Sasa bingwa. Usitafute mlango wenye kibao cha ugonjwa huu. Tafuta daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kwa mkoa wako hospitali ya rufaa ni Bombo, na ikihitajika zaidi kuna KCMC Moshi na Muhimbili. Nenda kwa barua ya rufaa kutoka chini, maana bila hiyo unazungushwa, na bima nayo inaitaka. Ukimpata daktari anayesikiliza, hata kama jina la ugonjwa ndiyo kwanza analisikia, ng'ang'ana naye huyo huyo. Umetibiwa na watu wengi mno, kila mmoja akianza upya na malaria yake. Daktari mmoja anayekujua kwa mwaka mzima ni bora kuliko mabingwa watano wa dakika kumi kumi.

Kuna jambo moja nakuomba ulishike sana: ukiingia kwake usianze na "nimechoka". Kiswahili chetu kimelitwika neno hilo mizigo mingi. Aliyelima amechoka, aliyekaa foleni amechoka, daktari mwenyewe aliyekuwa zamu ya usiku amechoka. Atakuambia upumzike, na kwa neno ulilompa atakuwa sahihi. Anza hivi: "Nikifua mabeseni matatu Jumamosi, Jumatatu sinyanyuki, koo na tezi vinauma, na hali hiyo inakaa siku sita. Kabla ya Mei 2023 sikuwa hivi." Umwachie karatasi moja tu: ulivyoanza kuugua, ulivyokuwa unaishi, unavyoishi, vipimo ulivyokwisha fanya na majibu yake. Binamu yako akutumie ule mwongozo wa NICE, umwoneshe daktari sehemu ya dalili. Madaktari wengi hupokea vizuri karatasi ya wenzao kuliko maelezo ya mtandaoni.

Muulize pia yapi hayajaondolewa kwenye orodha, kwa sababu yapo magonjwa yanayofanana na huu na yana dawa, na hayo ndiyo ningeogopa uyakose. Wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, homoni za tezi ya thairoidi, sukari, figo, ini na homa ya ini, VVU, kifua kikuu, vitamini B12, na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Kama nyumbani mnakunywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie apime na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Taifodi zako mbili sizitilii maanani sana, maana kipimo cha damu cha taifodi kinachoitwa Widal kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyepona zamani. Na ukiona unapungua uzito bila sababu, jasho la usiku linalolowesha shuka, homa inayorudi, tezi zinazovimba na kukua, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usiyaweke chini ya jina la uchovu sugu. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukijikuta unawaza kwamba ni heri usingekuwepo.

Kipo kipimo kinachoweza kufanyika zahanati yoyote, nacho kinasahaulika mno. Lala dakika 10, upimwe presha na mapigo ya moyo. Kisha simama, mgongo umegusa ukuta, usitembee wala usizungumze, upimwe kila baada ya dakika moja mpaka dakika 10, mtu akiwa karibu akudake. Mapigo yakiongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika kuliko ulipolala, na kubaki huko, au presha ikashuka, hiyo ni shida ya kusimama, na inayo matibabu yake hata kama ugonjwa mkubwa hauna. Kuoga kwako kwa kusimama na kuanguka chooni ndiko kumenifanya niliwazie hili. Chumvi na maji mengi huwasaidia wengi wenye shida hiyo, lakini usianze kabla hujapimwa presha na daktari hajakubali.

Siku ya hospitali yenyewe ni gharama. Benchi tangu saa 12 asubuhi linaweza kukulaza wiki. Siku mbili kabla usifue, usipike, usipokee wageni. Nenda na wifi au dada, yeye ndiye ashike foleni na kuandika atakayosema daktari. Beba khanga ya kutandika, mwombe muuguzi mahali pa kujilaza. Mimi nimekuwa muuguzi miaka mingi, tukiombwa kwa adabu tunapata nafasi.

Nyumbani, nguvu zako zihesabu kama mshahara unaoishia tarehe kumi. Nunua daftari la shule, kila jioni uandike mistari miwili: nilifanya nini, nililala vipi. Baada ya wiki nne au tano utaanza kuona ni kipi kinachokuangusha, na mara nyingi si kile ulichokidhania. Kuna mama mmoja niliyemfuatilia, tuligundua kinachomlaza si kupika, ni kukuna nazi, kwa sababu ya mikono na kuinama. Tukaiondoa nazi kwenye mikono yake, akapata siku mbili zaidi kwa wiki za kukaa sebuleni na wanawe. Kanuni yake ni ngumu kwa mwanamke aliyelelewa kwetu: acha kazi ungali unaiweza. Beseni moja, siyo matatu. Kumenya ukiwa umekaa, kuoga kwenye kigoda, kupumzika kabla ya shughuli na siyo baada tu. Siku njema usiifanye ya kufidia. Hiyo siku njema ndiyo iliyokuumiza. KCMC Moshi wamekuwa wakisomesha wataalamu wa tiba kazi. Ukimpata mmoja, hata kwa mara mbili tatu, atakusaidia kupanga jiko na darasa lako.

Swala, sali umekaa, na ukizidiwa sali umelala. Hilo umeruhusiwa tangu zamani. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, imo ndani ya Kurani yenyewe. Suala la kulipa au kutoa fidia mwulize shekhe wako, na mweleze kwamba ugonjwa wako ni wa muda mrefu. Dua usiache. Pesa ya kutoa jini usitoe.

Shuleni, usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya neno "jitafakari". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Na kanuni zake za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atazame kwanza kama kazi inaweza kurekebishwa kabla ya kumwondoa mgonjwa. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala: kiti mbele ya ubao, vipindi vya asubuhi vifuatane na mapumziko katikati, usamehewe mstari na tuisheni. Mambo madogo hayo, lakini ndiyo yanayoweza kukuacha mwalimu.

Sitakudanganya kuhusu kesho. Kwa watu wazima kupona kabisa hakutokei mara nyingi. Kupata nafuu kunatokea, na wanaoacha mapema kujisukuma wana nafasi nzuri zaidi ya kutozidiwa. Wapo wasiotoka kitandani kabisa. Wewe bado unaingia darasani, nami nataka ubaki hapo.

Mume wako amekuwa mkimya, na ninavyomsoma ni mtu mwenye hofu, aliyekuwa tayari kuuza kiwanja ili upone. Mpe kazi badala ya kiwanja. Yeye ndiye aje kwa daktari, na mama yake pia kama atakubali, wakae kitini wasikie kwa mtu mwenye koti jeupe. Mkwe hujibizani naye wewe. Mwanawe ndiye mwenye mdomo wa kusema, "Mama, huyu anaumwa, na kufua nyumbani kwangu ni kwa zamu."

Jumamosi hii mwambie wifi yako afike asubuhi. Mabeseni yawe mawili upande wake na moja upande wako, wewe ukae kwenye kigoda, kuanika waachie wengine. Jumatatu jioni uandike kwenye daftari umeamkaje. Kisha uniandikie tena ukishapimwa, uniambie mapigo yalikuwa mangapi ukilala, na mangapi ukisimama.